Podikasti ya vichekesho: kuianzisha na kuiendesha mwenyewe

Marafiki wawili wanapiga soga mpaka machozi yanawatoka, kisha mmoja anasema: "Haya ndiyo mambo ya kurekodi." Wanarekodi kweli. Baada ya siku chache wanasikiliza, na hakuna anayecheka. Maikrofoni haina kosa. Kilichowavunja mbavu ni miaka yao ya kujuana: jina la mtu likitajwa tu, kila mmoja anamwona mtu mzima na visa vyake vyote. Msikilizaji haoni chochote. Anasikia watu wawili wakicheka ndani ya chumba ambacho yeye kafungiwa nje.

Karibu kila uamuzi utakaoufanya, tangu umbo la kipindi hadi mahali pa kuweka mkasi, unajibu swali hilo moja: huyu aliye nje ataingiaje? Nimefuata kazi kwa mpangilio wake, ila nimekaa zaidi kwenye kuhariri, maana huko ndiko vipindi vingi vinakofia au kupona.

Hatua ya 1: Tafuta kanuni ya kipindi

"Sisi ni watu wawili wachekeshaji tunaoongelea chochote" si wazo la kipindi. Mtu mashuhuri anaweza kujipitishia hilo kwa sababu wasikilizaji wanakuja wakiwa wameshampenda kwingine. Wewe hujulikani, kwa hiyo unahitaji kanuni ndogo inayowabana na kumpa mgeni sababu ya kubonyeza. Kwa mfano, kila mgeni analeta uongo mmoja aliowahi kuusema ukakua hadi ukamshinda. Au watangazaji wawili wanasoma maelekezo ya matumizi ya vifaa vya nyumbani na kubahatisha aliyeyaandika alikuwa na masaibu gani siku hiyo. Au maigizo ya sauti yanayotokea kwenye ofisi ya malalamiko ya mizimu.

Kanuni inakufaa hata mkiwa katikati ya kurekodi. Mazungumzo yakipotea njia mnajua pa kurudi, na mkiamua kuivunja, huko kuvunja kwenyewe kunachekesha.

Maumbo yanatofautiana kwa mahali yanapokula muda wako. Soga la watu wawili ni rahisi kuandaa na gumu kuhariri. Mahojiano yanakuweka chini ya ratiba za wageni, na mgeni mchekeshaji mara nyingi atakuja na vichekesho vyake vya jukwaani alivyokwisha kuvisema kila mahali. Muulize kitu ambacho hajawahi kukitengenezea jibu. Maigizo yanataka uandishi mwingi, lakini hayachakai. Michezo ya maswali ya watu wanne huchangamka sana pale chumbani, ila sauti nne zikicheka kwa pamoja ni zogo. Anza na watu wawili, watatu wakizidi sana, na mtajane majina kwenye dakika ya kwanza. Sauti mbili zinazofanana ni tatizo ambalo hakuna programu inayolitibu.

Kwa urefu, dakika 25 hadi 40 zinatosha. Mtu atakayetaka zaidi atafungua kipindi kingine, wakati aliyechoshwa dakika ya 70 harudi.

Kabla ya kutangaza lolote, rekodi vipindi vitatu vya majaribio ambavyo hutavitoa. Mpe mtu asiyewajua vizuri asikilize kimoja, ukae naye. Usimtazame usoni, tazama mikono yake. Akichukua simu, andika dakika. Ukimuuliza kama kimemchekesha atakujibu kwa adabu; mikono haina adabu.

Hatua ya 2: Mwenza, na karatasi

Mchague mwenzako kwa anavyosikiliza kuliko anavyochekesha. Wachekeshaji wawili wanaogombea neno la mwisho wanachosha haraka. Mmoja wenu awe wakili wa msikilizaji, yule anayekatiza na kuuliza, "Subiri, huyo ndiye yule aliyekukopa hema?" Swali kama hilo linafungua mlango kwa aliye nje bila hotuba ya utangulizi. Wanaofanya maigizo ya papo kwa papo wana kanuni nzuri hapa: mwenzako akileta kitu, kikubali, kisha ongeza juu yake. Ukimjibu "Hapana, haikuwa hivyo," umezima moto aliokuwa anauwasha.

Halafu andikianeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Jina la kipindi ni la nani? Akaunti na nywila ziko kwa nani? Gharama na mapato vinagawanywa vipi? Mmoja akijitoa, mwenzake anaruhusiwa kuendelea na jina lilelile, na vipindi vya nyuma vinabaki hewani? Watu huona haya kuandikiana na rafiki. Haya hiyo ni nafuu kuliko kugombania nywila ya barua pepe huku wasikilizaji wakiuliza kulikoni.

Hatua ya 3: Chumba kwanza, maikrofoni baadaye

Maikrofoni ya gharama kubwa ndani ya chumba chenye kuta tupu inatoa sauti ya bafuni. Piga kofi moja. Mlio ukibaki hewani, tafuta chumba kingine au kijaze vitambaa: mapazia mazito, zulia, godoro lililosimamishwa ukutani, kabati la nguo lililoachwa wazi. Zima feni. Kama jokofu linanguruma karibu, lizime na uweke ufunguo wa mlango ndani yake, ili usitoke bila kuliwasha tena.

Maikrofoni za aina ya dainamiki zinasamehe chumba kibaya kuliko za kondensa, ambazo hunasa hata mbwa wa jirani. Shure SM58, inayotengenezwa tangu 1966 na kuonekana kwenye majukwaa ya kila namna, inatosha kabisa. Samson Q2U ina tundu la USB na la XLR (la kebo ya vifaa vya sauti vya kitaalamu), hivyo unaweza kuanza nayo kwenye kompyuta moja kwa moja na kuhamia kwenye kadi ya sauti baadaye. Kama huna zaidi ya simu, kila mtu ajirekodi kwa yake akiiweka karibu na mdomo, kisha mtazipanga rekodi pamoja. Inafanya kazi vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Usikubali kushiriki maikrofoni moja. Kila sauti iwe kwenye njia yake, yaani irekodiwe peke yake, na kwa vichekesho hili lina uzito kuliko kwa kipindi cha habari: mwenzako akiangua kicheko juu ya neno lililobeba kichekesho kizima, njia zikiwa mbili unashusha kicheko chake na kuliokoa neno. Ikiwa ni moja, neno limekwenda.

Kaa umbali wa ngumi moja kutoka kwenye maikrofoni, nayo ielekee pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za "p" na "b" zipite bila kuigonga. Umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maikrofoni yake, la sivyo kila moja itamnasa na jirani.

Kisha kipimo cha sauti. Watu hupima kwa kusema "moja, mbili, tatu," halafu kinachokuja kuharibu rekodi ni kicheko, ambacho hupanda mbali juu ya maongezi. Na kicheko cha kuombwa hakifikii cha kweli. Acha maongezi yacheze kati ya -18 na -12 dB, juu yabaki nafasi. Sauti ikigonga 0 inakatwa kichwa na hairekebishiki, lakini iliyo ndogo inapandishwa baadaye bila madhara makubwa ukirekodi kwa biti 24. Kiwango cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) cha 48 kHz kinafaa, hasa kama utatoa na video.

Mkiwa mbali, msirekodi simu ya intaneti kama ilivyo. Riverside na Zencastr zinamrekodi kila mtu kwenye kifaa chake kisha kupandisha faili safi. Wote mvae hedifoni, na mwanzoni mpige kofi moja kwa pamoja, ili upate alama ya kupangia. Intaneti inachelewesha, na kwenye vichekesho ucheleweshaji unamfanya msimulizi aamini kwamba hajachekesha, akaanza kujieleza. Ambianeni mapema kwamba kicheko kitachelewa. Njia zikiwa tofauti, baadaye unakisogeza mahali pake.

Hatua ya 4: Siku ya kurekodi

Msisimuliane kisa kabla ya kuwasha. Kisa kinachosikiwa mara ya pili hupata kicheko cha heshima, na msikilizaji anakitambua mara moja. Ambianeni kichwa tu: "Nina kisa cha lifti." Inatosha.

Kuhusu kuandika, maoni yangu ni kwamba usiandike neno kwa neno isipokuwa maigizo. Andika sentensi ya kuingilia, sentensi ya pigo, na mahali pa kutokea. Sentensi ya kuingilia ndiyo inayosahaulika zaidi. Bila hiyo msimulizi anazunguka dakika mbili akitafuta mlango wa hadithi yake mwenyewe. Na pigo lifike kwenye neno la mwisho. "Lifti ikakwama, basi ndiyo hivyo, yaani nilichoka" ni pigo lililozikwa chini ya maneno matano.

Dakika kumi za mwanzo ni za kupasha moto. Zirekodi, ila usitarajie kuzitumia. Mtu anayecheka sana ageuze kichwa pembeni ya maikrofoni. Weka karatasi na kalamu, uandike saa kila panapotokea kitu kizuri. Siku ya kuhariri utaibusu karatasi hiyo.

Mkimaliza, msiondoke. Rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba, zitakazoziba mapengo. Halafu rudini kwenye sehemu zilizokwenda vizuri mjiulize kama mtu asiyewajua angeelewa. Kama hapana, rekodini sentensi moja ya ufafanuzi palepale, sauti zikiwa bado zilezile: "Huyu bosi ninayemsema nilimfanyia kazi miaka mitatu." Sentensi hiyo itachomekwa mahali pake, na wengi hawatajua haikuwepo. Kisha nakili faili sehemu mbili kabla ya kuzima chochote.

Hatua ya 5: Kuhariri

Audacity ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. GarageBand inatosha kwa wenye vifaa vya Apple. Reaper inalipiwa na ina muda wa majaribio. Chagua moja uizoee; programu haijawahi kukichekesha kipindi.

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kugusa kitu, ukiandika dakika za vitu vitatu: ulipocheka, ulipochoka, na usipoelewa. Rekodi ya dakika 90 inaweza kuzaa kipindi cha dakika 35, na mara nyingi hicho cha 35 ndicho bora.

Sasa tuangalie mkasi kwa karibu. Hiki ni kipande kama kinavyotoka kwenye rekodi:

"Sasa kuna siku moja, nilikuwa... ni Jumanne au Jumatano? Hapana, ilikuwa Jumanne, kwa sababu Jumatano huwa nafanyia kazi nyumbani. Basi nikaingia kwenye lifti, na lifti yenyewe unaijua, ile ya pale, ndogo. Nani nakutana naye? Bosi wangu wa zamani. *(Mwenzake: Mungu wangu, yule wa tai!)* Yule niliyemwandikia naacha kazi kwa sababu nahama nchi. *(kimya)* Lifti ikakwama. Sasa pale, yaani, sijui niseme nini. Akaniuliza, umerudi lini? Nikamwambia, Jumanne. *(kimya)* Akasema, leo ndiyo Jumanne."

Mhariri mwenye haraka atafuta habari yote ya Jumanne na Jumatano, kwa sababu kusitasita kwa namna hiyo ndiko kunakochosha zaidi. Lakini shuka hadi mwisho. Ukiifuta yote, kichekesho bado kipo, ila kinatoka kwa bosi peke yake. Ukibakiza maneno mawili, msikilizaji anacheka mara msimulizi anapotamka "Jumanne," kabla ya bosi kufungua mdomo, na jibu la bosi linakuwa pigo la pili. Kwa hiyo:

"Ilikuwa Jumanne. Nikaingia kwenye lifti. Nani nakutana naye? Bosi wangu wa zamani. Yule niliyemwandikia naacha kazi kwa sababu nahama nchi. *(kimya)* Lifti ikakwama. Akaniuliza, umerudi lini? Nikamwambia, Jumanne. *(kimya)* Akasema, leo ndiyo Jumanne."

Hakuna neno lililoongezwa. "Yule wa tai" imeondoka kwa kunyamazisha njia ya mwenzake, kwa kuwa tai ile wanaijua wao wawili. Kama tai ina kisa kizuri, isimuliwe yenyewe mahali pengine, na hapo mshangao wa mwenzake utakuwa na maana. "Unaijua, ile ya pale" nayo imekwenda, kwani msikilizaji haijui. Vile vituo viwili vya ukimya vimebaki kama vilivyo. Programu nyingi zina kitufe cha kufupisha ukimya wote kwa mkupuo, na watu wanakipenda kwa kuwa kinaokoa saa nzima. Kwenye podikasti ya vichekesho usikiguse. Ukimya kabla ya "lifti ikakwama" ndio unaompa msikilizaji nafasi ya kuiona ile lifti, na mashine haiwezi kuutofautisha na wa mtu aliyesahau alichokuwa anasema.

Kanuni inayojitokeza hapo ni kukata njia ya kufikia kichekesho na kuacha kichekesho chenyewe kipumue. Wahariri wapya hufanya kinyume: wanaacha utangulizi mrefu kwa kuuonea huruma, kisha wanabana mwisho.

Vicheko vyenu wenyewe vinahitaji mkono mwepesi. Kicheko cha mtangazaji kinamwalika msikilizaji, lakini kikizidi uzito wa kichekesho kinamfukuza. Acha mwanzo wake na mwisho wake, kata katikati. Vicheko vya kubandika sivipendi hata kidogo. Vinamwambia mtu acheke wapi, na mtu akiambiwa acheke hacheki. Milio ya ngoma na filimbi baada ya kila pigo ni ndugu wa jambo hilohilo.

Ufundi wenyewe hauna maajabu. Kata mahali pumzi inapoanza au kwenye konsonanti ngumu, unganisha kwa mpishano mfupi sana (kipande kimoja kikififia huku kingine kikipanda) ili kusiwe na kishindo, ziba mapengo kwa ule ukimya wa chumba. Usiondoe pumzi zote, msemaji atasikika kama tangazo la uwanja wa ndege. "Yaani" na "aa" punguza, usizimalize. Baadhi ni mdundo wa mtu.

Kuna mtego mmoja wa mwisho. Ukikata kisa cha dakika ya 12, tafuta kama dakika ya 30 kuna mtu anakirudia. Utani unaorejelea kitu kisichopo tena unamwacha msikilizaji nje kuliko chochote, na yeye atadhani ni yeye aliyesinzia.

Kwa mwanzo wa kipindi, chomoa sekunde 20 hadi 40 kutoka katikati, uziweke kabla ya muziki. Usichukue kichekesho kikubwa kuliko vyote, chukua cha pili yake.

Hatua ya 6: Faili la mwisho

Ondoa mngurumo ulio chini ya Hz 80, tumia kampresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kwa kiasi (uwiano wa 3 kwa 1 unafaa kuanzia), kisha pandisha kipindi kizima hadi -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilele kisizidi -1 dB. Ndicho kiwango ambacho Apple inapendekeza. Halafu sikiliza tena vicheko peke yake, maana kampresa iliyobanwa sana huvifanya viumize masikio.

Toa MP3. Kwa 128 kbps, dakika moja ni karibu MB 1, hivyo nusu saa inakaribia MB 29. Ukitoa kwa 64 kbps, sauti ya njia moja (mono), unapata karibu nusu ya hapo, na kwa maongezi matupu hasara yake ni ndogo. Wapo wasikilizaji wanaohesabu kila megabaiti, usiwasahau. Rekodi asilia za WAV zihifadhi.

Hatua ya 7: Muziki, watu na sheria

Wimbo unaoupenda usiuweke. Kulipia wimbo ili kuusikiliza hakukupi haki ya kuutumia, na lile dai kwamba sekunde kadhaa zinaruhusiwa ni uzushi usiokufa. Agiza muziki kwa mtunzi unayemfahamu mkiandikiana, au tumia kazi zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mtunzi huruhusu kazi yake itumiwe kwa masharti, ukisoma leseni yenyewe: zenye alama ya NC haziruhusu matumizi ya kibiashara.

Utani kuhusu mtu halisi una mpaka. Maoni na kutia chumvi kunakoonekana wazi mara nyingi ni salama kuliko dai la uongo lililovaa nguo za ukweli, ila sheria za kashfa zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo zisome za kwako kabla ya kumtaja mtu. Ndugu, majirani na wapenzi wa zamani hawakuomba kuwa wahusika. Badilisha majina, hamisha mahali, au waombe ruhusa. Kumcheka mnyonge ni rahisi na kunaonyesha uvivu. Mtu mwenye nguvu anayejikwaa ana kichekesho kirefu zaidi. Wageni wape muda, siku mbili hivi baada ya kurekodi, wa kuomba kipande kiondolewe. Wakijua wana nafasi hiyo, huongea kwa uhuru zaidi.

Na usiibe kichekesho. Msikilizaji wa vichekesho husikiliza vingi, atakijua.

Hatua ya 8: Kukitoa

Faili lako linakaa kwenye huduma ya kuhifadhi podikasti, ambayo inakutengenezea mlisho wa RSS, yaani anwani yenye orodha ya vipindi vyako ambayo programu za kusikilizia huisoma. Mlisho huo unausajili mara moja kwenye Apple Podcasts, Spotify na kwingineko. Ukitoa kipindi kipya kinafika kote chenyewe. Buzzsprout, Podbean na Libsyn zinajulikana, na Spotify ina huduma ya bure. Unapochagua, uliza jambo moja kabla ya bei: siku nikihama, mtaelekeza mlisho wangu wa zamani kwenye mpya? Hilo ndilo linalokufanya uwe huru. Utaratibu wa mlisho ni uleule tangu Apple ilipoingiza podikasti kwenye iTunes mwaka 2005, nao umezika majukwaa makubwa. Google Podcasts ilipofungwa mwaka 2024, wenye milisho yao waliendelea kutoa vipindi kama kawaida.

Fungua barua pepe ya kipindi isiyo ya mtu binafsi. Tafuta jina mtandaoni kabla ya kulipenda, na liwe ambalo mtu akilisikia mara moja anaweza kuliandika. Jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, JPEG au PNG. Lipunguze mpaka ukubwa wa ukucha, kama jina halisomeki anza upya. Kichwa cha kila kipindi kiseme jambo: "Lifti, bosi na Jumanne" kinavuta kuliko "Kipindi cha 4: Tumerudi tena!" Kama kuna matusi, weka alama ya lugha kali.

Toa vipindi viwili au vitatu siku ya kwanza, ili aliyecheka apate pa kuendelea, na uwe na vingine viwili akibani. Kila baada ya wiki mbili kunawezekana kwa mtu mwenye kazi nyingine. Kila wiki kunawezekana pia, kwa miezi mitatu hivi, kisha mtaanza kukosana.

Hatua ya 9: Wasikilizaji na namba

Vipande vifupi vya video vyenye maandishi ndivyo vinavyotembea, kwa sababu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Lakini anayekuona akipitisha kidole si yule anayesikiliza nusu saa akiosha vyombo. Huyo wa pili anapatikana ndani ya podikasti nyingine: nenda kuwa mgeni kwa wenye kipindi cha ukubwa wako, nao waje kwako. Mchekeshaji wa Marekani Marc Maron alianza podikasti yake, WTF, mwaka 2009, akawa anarekodi kwenye gereji ya nyumbani kwake wageni wake wengi wakiwa wachekeshaji wenzake. Juni 2015 Barack Obama, akiwa bado rais wa Marekani, akaenda kukaa kwenye gereji hiyo. Wachekeshaji wenzake ndio walioijenga, rais alikuja baadaye.

Huduma zinazofuata kanuni za IAB, shirika la viwango vya matangazo ya mtandaoni, huhesabu upakuaji pale angalau dakika moja ya kipindi inapopakuliwa, na kifaa kimoja ndani ya saa 24 kinahesabiwa mara moja. Namba hiyo haikuambii kama mtu alicheka. Tazama badala yake mchoro wa usikilizaji kwenye Apple na Spotify, unaoonyesha watu walipoondokea. Mstari ukianguka dakika ya tatu, utangulizi wenu ni mrefu. Ukianguka ghafla katikati, nenda kasikilize hapo; mara nyingi utakuta utani wa ndani ambao mlisahau kuukata.

Hatua ya 10: Pesa, kisha kupumzika

Matangazo hulipwa kwa kila usikilizaji elfu moja, hivyo kipindi kidogo kitasubiri sana. Kinachokuja mapema zaidi ni mchango wa wasikilizaji wenyewe kupitia Patreon na mfano wake, wakipata vipindi vya ziada. Vya ziada viwe vyepesi: ule uchafu uliokatwa, uliosafishwa kidogo. Ukiahidi kipindi kizima kingine kila wiki umejiajiri mara mbili kwa mshahara mmoja. Onyesho la jukwaani linalipa na linafundisha, maana hapo kicheko hakihitaji mchoro. Tangazo ukilipata, lisome kwa sauti ya kipindi, ila iwe wazi kwamba ni tangazo.

Maoni ya nyota moja yatakuja. "Hawachekeshi" haina cha kufanyia kazi, ipite. "Siwezi kuwatofautisha" au "mnaongea juu ya vicheko" ni kazi ya uhariri ya wiki hii.

Panga misimu: vipindi kumi au kumi na mbili, kisha mapumziko yaliyotangazwa pamoja na tarehe ya kurudi. Mkiamua kufunga kabisa, toeni kipindi kifupi cha kuaga kilicho na jina la kipindi kwenye kichwa chake, ili anayefika baadaye asisubiri. Kabla ya kuacha kulipia huduma ya kuhifadhi, hamisheni vipindi kwenye huduma ya bure na mwelekeze mlisho huko, kisha barua pepe ya kipindi ibaki wazi. Watu hugundua podikasti zilizokufa kila siku, na wengine huandika.